Shajara ya mti wa nasaba: kadi 24, uzi, na mahali pa kumtundika binadamu

Siku ya 1

Ubao umesimama. Nimekata kadi 24, kila kadi na mnyama wake: binadamu, sokwe mtu, gorila, nyani, komba, popo, fisi, mbwa, paka, kiboko, nyangumi, tembo, pimbi, kangaruu, kinyamadege, kuku, mamba, kenge, chura, kamongo, papa, kiti cha pweza, pweza mwenyewe, na kipepeo. Ninachotaka ni mti wa nasaba wa kutundika. Kila kadi itaning'inia kwenye uzi, nyuzi zitakutana kwenye pini, na kila pini itashika nafasi ya mzazi wa pamoja aliyekufa zamani. Mtu ashike uzi wa mnyama yeyote, aufuate kwa kidole mpaka akutane na mnyama mwingine, ndipo ajue kama ni ndugu wa karibu au wa mbali.

Leo nimezipanga kwa macho tu, bila kufungua kitabu. Wa majini huku, wa kuruka kule, wa kutambaa chini, wa miguu minne katikati. Binadamu nikamweka juu peke yake. Hata sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe.

Jioni nikasoma kwamba Carl Linnaeus, yule Msweden aliyetuachia desturi ya majina mawili ya Kilatini, naye aliwahesabu nyangumi kuwa samaki katika toleo la kwanza la orodha yake, mwaka 1735. Aliwahamishia kwa mamalia katika toleo la 10, mwaka 1758. Nimejifariji kidogo. Yeye ilimchukua miaka 23, mimi najipa mwezi mmoja.

Siku ya 3

Nimeanza kuandika ngazi nyuma ya kadi: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Nilipofika kwenye ngeli nikacheka, maana neno hilo nimelizoea kwenye sarufi. Kisha nikaona si la kuchekwa. Kiboko, kifaru na kipepeo kwa umbo la neno wanafanana na kiti na kisu, lakini hakuna anayesema “kiboko kimelala mtoni”. Tunasema amelala. Ukisikia “kiboko kimekatika”, unajua ni ule mjeledi. Mwanzo wa neno unasema hivi, upatanisho unasema vile, na mwenye kauli ya mwisho ni upatanisho.

Nimeyaandika hayo kwa kalamu nyekundu pembeni mwa ubao. Nahisi mradi mzima uko hapo: kutafuta upatanisho wa miili.

Siku ya 5

Nimejaribu njia ya maswali ya ndiyo na hapana. Swali la kwanza nililiona jepesi: anazaa au anataga? Ndani ya dakika kumi papa ameingia kwa mamalia, kwa sababu aina kadhaa za papa huzaa watoto hai, na kinyamadege ametupwa nje, kwa sababu hutaga mayai japo ana manyoya na hunyonyesha.

Huyu kinyamadege ameshawasumbua wakubwa kuliko mimi. George Shaw, Mwingereza aliyemweleza kisayansi mwaka 1799, alishuku kwamba huenda mtu ameshona mdomo wa bata kwenye ngozi ya mnyama mwingine. Simlaumu hata kidogo.

Swali nimelifuta. Badala yake nimeweka nywele, maziwa, na jambo la tatu ambalo sikulijua kabla ya leo: mifupa mitatu ya sikio la kati, yaani nyundo, fuawe na kikuku. Wanyama wengine wa nchi kavu wenye uti wa mgongo wana mmoja tu. Nyundo na fuawe zilikuwa sehemu ya kiungo cha taya kwa wahenga wetu, na kwa kenge ziko huko huko hadi leo. Mifupa anayofungulia kinywa yeye, sisi tunaisikilizia. Nimekaa nikishika taya yangu chini ya sikio, nikifungua na kufunga mdomo, kama mgonjwa.

Siku ya 9

Maswali nimeyaacha, nimechora jedwali. Safu 24 za wanyama, nguzo 30 za sifa, visanduku 720 vya kujaza 1 au 0. Mpwa wangu wa miaka 13 amejitolea kunisaidia. Yeye anasoma, mimi najaza, tukichoka tunabadilishana.

Matokeo ya mara ya kwanza: kuku na popo ni mapacha.

Tulitafuta kosa saa nzima. La kwanza lilikuwa la lugha. Nguzo ya 7 niliita “manyoya”, na mtoto kwa haki kabisa akaweka 1 kwa kuku, kwa paka na kwa popo, kwani sote tunasema manyoya ya kuku na manyoya ya paka. Lakini ya kuku ni kitu kimoja na ya paka ni kitu kingine, havikuanza pamoja. Nimeigawa nguzo hiyo kuwa mbili: nywele, na manyoya ya ndege.

La pili lilikuwa “mabawa”. Bawa la kuku ni mkono uliopandwa manyoya, vidole vimepungua na kuungana. Bawa la popo ni kiganja kilichovutwa: vidole virefu kama njiti za mwavuli, ngozi katikati, na gumba limebaki nje juu na kucha yake. Kazi moja, ufundi mbalimbali. Kipepeo naye tulimpa 1 katika nguzo ile ile, na bawa lake halina hata mfupa.

La tatu ndilo lililoniumiza kichwa: moyo wa vyumba 4. Binadamu anao, kuku anao, mamba pia anao. Kenge na chura hawana. Ukifuata moyo, kuku anakuwa ndugu yetu kuliko kenge. Sivyo. Mamba na kuku wamerithi moyo wao kwa mzee mmoja, na mamalia walifika kwenye moyo kama huo kwa njia yao wenyewe. Ukoo wetu na wao uliachana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita.

Siku ya 10

Nimesoma juu ya Willi Hennig, Mjerumani mtaalamu wa wadudu, ambaye mwaka 1950 alitoa kitabu kilichobadilisha namna ya kuainisha viumbe. Hoja yake kwa maneno yangu: kufanana peke yake si ushahidi wa udugu wa karibu, kinachohesabika ni sifa mpya waliyoirithi pamoja. Vidole vitano mimi ninavyo na kenge anavyo. Farasi hana, amebaki na kimoja kila mguu. Je, kenge ni ndugu yangu kuliko farasi? La. Vidole vitano ni mali ya zamani ambayo farasi ameipoteza njiani. Kubaki na mali ya zamani hakumfanyi mtu kuwa ndugu wa karibu.

Nimefuta nguzo 11 kati ya 30. Inauma, ila zilikuwa za bure.

Siku ya 12

Leo kazi imekwenda yenyewe. Kwa kifupi:

Fisi ametoka kwa mbwa, amekwenda upande wa paka. Jamaa zake wa karibu ni pamoja na nguchiro. Mwendo, mdomo na mlio vyote vinadanganya.

Nyangumi na kiboko wamekutana kwenye pini moja. DNA ilikuwa imeshasema, kisha mwaka 2001 vikatangazwa visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, kutoka Pakistan vya nyangumi wa kale wenye miguu. Mfupa wa kifundo chao una umbo la kapi juu na chini, kama wa mbuzi, kama wa kiboko.

Pimbi, huyo wa kukaa mawe kama panya mnene, ameunganishwa na tembo. Chonge zake zile si chonge, ni meno ya mbele yaliyorefuka, sawa na pembe za tembo.

Kamongo ana mapafu na mapezi yenye nyama na mifupa ndani. Uzi wake umefika kwetu kabla ya kufika kwa papa. Basi neno “samaki” halina tawi lake kwenye ubao huu. Ukitaka kulipa tawi itabidi umtie na chura, na kuku, na mimi. Kadi iliyoandikwa SAMAKI nimeipasua.

Kiti cha pweza ni ndugu yetu kuliko anavyokuwa ndugu wa pweza. Mpwa wangu alikataa kabisa. Nilimwonyesha: kwa kiinitete cha kiti cha pweza, kama kwa chetu, tundu la kwanza kufunguka huwa njia ya haja, na mdomo hutoboka baadaye. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mjomba, hilo usiliandike kwenye kadi yetu.” Sijaliandika.

Siku ya 15

Siku ya binadamu. Nimemshusha kutoka juu ya ubao, kadi mkononi, nikitafuta pa kumpachika.

Linnaeus naye alikwama hapa. Mwaka 1747 alimwandikia Johann Georg Gmelin, mtaalamu mwenzake wa mimea, akikiri kwamba haoni sifa ya kimaumbile ya kuitenga jenasi ya binadamu na ile ya sokwe. Alipofika kwa binadamu katika orodha yake, mahali pa sifa za mwili aliweka maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya “ijue nafsi yako”. Mtu aliyehesabu stameni za maua moja moja! Nyani haoni kundule, ndivyo tunavyosema.

Tumeanza na meno kwa sababu yanahesabika. Kitabu kinasema nyani, gorila, sokwe na binadamu wote wana hesabu moja kwa kila nusu ya taya: meno ya mbele 2, chonge 1, magego madogo 2, magego makubwa 3. Nane mara nne, 32. Mpwa wangu akachukua kioo na tochi, akahesabu kwa ulimi kwanza, kisha kwa kidole. 28. Akahesabu tena. 28. Akaniangalia kwa masikitiko, kama vile amegundua hayumo katika ukoo. Nikamweleza magego ya mwisho huchelewa, mengi hutoka baada ya miaka 17, na wengine hayatoki kabisa. Akataka ushahidi, nikafungua mdomo. Akahesabu 31, akapata pengo. Lile ni gego nililong'olewa zamani na mtu aliyeng'oa jino zima akaliacha bovu pembeni yake, ila hiyo ni shajara nyingine.

Kwa hiyo binadamu ameingia chini ya pini ya nyani. Kilichobaki ni kumtenganisha na nyani. Mkia: nyani anao, gorila hana, sokwe hana, sisi tuna kifandugu tu, pingili chache zilizogandana mwishoni mwa uti wa mgongo. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba kipande kifupi cha DNA kilichojipachika ndani ya jeni iitwayo TBXT kilichangia kuupoteza mkia huo. Hata panya wa maabara waliotengenezewa hitilafu ya namna hiyo katika jeni hiyo walizaliwa na mikia mifupi au bila mkia. Nguzo hii nimeipiga mstari mara mbili.

Na komba? Yeye hujitengenezea vitamini C mwilini. Nyani, gorila, sokwe na binadamu hawawezi, jeni ya kazi hiyo imeharibika kwao wote. Sifa nzuri inaweza kuzuka mara mbili, kama ule moyo wa vyumba 4. Ila kasoro inayorandana kiasi hiki ni ya kurithi.

Siku ya 18

Nimeandika kadi ya binadamu mara tano. Ya kwanza ilikuwa na mistari 22, nusu yake majivuno. Nimekata hivi.

*Kutumia zana.* Imetoka. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, aliwaona sokwe wa Gombe, Tanzania, mwaka 1960 wakichokonoa mchwa kwa vijiti walivyovipukutisha majani wao wenyewe.

*Gumba la kukutana na vidole vingine.* Imepunguzwa. Jamaa zetu wengi wanalo kwa namna fulani. La kwetu ni refu zaidi kulinganisha na vidole, ndiyo maana tunabana sindano ncha kwa ncha. Sokwe akishika kitu kidogo hukibana zaidi kwa ubavu wa kidole.

*Kutokuwa na malaika mwilini.* Imefutwa, ni uongo. Vinyweleo tunavyo vingi tu, vimekuwa vyembamba na vifupi. Ukipatwa na baridi au hofu bado vinasimama, kama paka anayejitunisha, ingawa hatuna tena cha kutunisha. Mahali pake nimeandika *jasho*: tezi kati ya milioni 2 na 4, zilizotapakaa ngozi nzima. Mbwa hupoza mwili kwa kutoa ulimi na kuhema, na hawezi kuhema hivyo huku akikimbia mbio zake zote. Sisi tunakimbia na kupoa kwa wakati mmoja.

*Kidevu.* Hii imebaki, nami naipenda kuliko zote kwa sababu ni ndogo na haina sababu inayokubalika na wote. Ile nundu ya mfupa mbele ya taya ya chini hakuna mwingine aliye nayo. Sokwe taya lake linarudi nyuma. Hata Neanderthal, mtu wa karibu nasi kiasi cha kuzaa naye, hakuwa nayo. Kila nikinyoa naikumbuka.

*Chonge fupi.* Imebaki. Nyani dume akipiga miayo utaelewa.

*Jozi 23 za kromosomu*, yaani vifurushi vya DNA ndani ya seli. Imebaki. Gorila na sokwe wana 24. Kromosomu yetu ya 2 ni mbili zilizoungana, na katikati yake bado kuna mabaki ya ncha, kama fundo kwenye kamba iliyounganishwa.

*Kusimama.* Hii imekula kadi nusu, na ingeweza kula yote. Tundu la chini ya fuvu, linapopita neva za uti wa mgongo, liko karibu katikati, kichwa kinakaa juu ya shingo kama mzigo uliosawazishwa. Kwa sokwe limesogea nyuma. Mgongo umepinda mara mbili kama herufi S. Fupanyonga ni fupi na pana, mfano wa bakuli. Fupa la paja linaingia ndani kuelekea goti, hivyo ukiinua mguu mmoja huanguki upande. Kidole kikubwa cha mguu kimejipanga na wenzake, hakishiki tena tawi. Mpwa wangu alijaribu kuokota kalamu kwa kidole hicho, akaweza! Nikamwambia ni ubishi, si mageuko.

*Ubongo mkubwa.* Imebaki, lakini nimeishusha hadi mstari wa mwisho. Sababu nitaiandika nikimaliza visukuku.

Siku ya 22

Visukuku. Nilikuwa sikutaka kuviweka, ubao ni wa walio hai. Ila bila hivyo mtu atadhani sifa zote za kadi ile zilikuja siku moja. Nimebandika ukanda mwembamba pembeni mwa uzi wa binadamu, wa kusomwa kutoka juu kuja chini.

Laetoli, Tanzania: nyayo kwenye majivu ya volkano yaliyoganda, kama miaka milioni 3.6. Njia ndefu ya nyayo ilifichuliwa na timu ya Mary Leakey kuanzia mwaka 1978. Kisigino kimezama, kidole kikubwa kiko sambamba na vingine. Hadar, Ethiopia: Lucy, jina walilopewa mifupa ya jamaa yetu wa kale iliyopatikana mwaka 1974, miaka milioni 3.2 hivi. Nyonga na paja ni vya kutembea wima, na ubongo wa jamii yake haukuuzidi sana wa sokwe. Nariokotome, karibu na Ziwa Turkana, Kenya: kijana aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, miaka milioni 1.5 hivi, miguu mirefu kama ya mtu wa leo, ubongo mkubwa kuliko wa Lucy lakini chini ya wetu. Jebel Irhoud, Moroko: miaka 300,000 hivi, uso unaokaribia wetu, fuvu bado limerefuka nyuma. Ukubwa wa ubongo leo ni kama sentimita za ujazo 1,350, wa sokwe ni karibu 400.

Ndiyo sababu ubongo uko chini kwenye kadi. Miguu ilitangulia kwa zaidi ya miaka milioni. Tulisimama kwanza, akili hii tunayojivunia ikaja baadaye sana.

Siku ya 25

Mpwa wangu: “Mjomba, kwani sokwe ni babu yetu?”

Nikamwambia aufuate uzi. Akaanzia kwa binadamu, akapanda, akafika kwenye pini, akashuka hadi kwa sokwe. “Umepita kwa sokwe kwenda juu?” Hakupita. “Basi si babu, ni binamu. Babu ni ile pini.” Akasoma maandishi yangu: miaka milioni 6 hadi 7. Akasema binadamu na binamu yanafanana hata kwa matamshi, kisha akauliza gorila ni nani.

Hapo ndipo nikaona kosa langu. Nilikuwa nimewafunga sokwe na gorila pamoja kwanza, halafu binadamu nje yao. Nilifanya hivyo tangu siku ya 15 bila hata kutazama jedwali, kwa sababu wote wawili ni weusi, wana malaika mazito, wanatembea kwa kuegemea vifundo vya vidole. Umbo tena! DNA inasema sokwe yuko karibu na binadamu kuliko na gorila. Maandishi yangu mekundu yapo pale pale pembeni, yakinitazama.

Siku ya 26

Nimefungua nyuzi tatu na kuzifunga upya. Sokwe na binadamu pini moja, gorila anaungana nao juu yake. Kisha nikakata nyuzi zote ili kadi 24 zifike mstari mmoja chini, kwa kuwa wote wapo leo na wote wamesafiri muda ule ule tangu pini ya juu kabisa. Uzi wa kipepeo na wa binadamu sasa vina kimo kimoja.

Pini nimezibadilisha, hizi mpya zinazunguka. Upepo ukiingia dirishani matawi hujigeuza, mara binadamu yuko ukingoni, mara yuko katikati ya sokwe na gorila, na udugu haubadiliki kwa lolote. Mpwa wangu huzizungusha kila anapopita.

Yaliyobaki: gundi ya kadi ya kenge imeachia, kangaruu hana tarehe kwenye pini yake, na ukanda wa visukuku unahitaji kushushwa kidogo maana unafunika mkia wa nyani.